Printa Nzima, Njia Mbovu

Umeme ukirudi mchana katika ofisi za Mbagala Rangi Tatu au Tegeta, jijini Dar es Salaam, kilio cha kwanza mara nyingi huwa cha printa. Asubuhi ilikuwa inachapa vizuri. Sasa kila kompyuta inadai printa haipatikani, ingawa taa yake ya kijani inawaka na karatasi zimo. Anaitwa fundi, anaifuta kwenye kompyuta na kuiweka upya, inachapa, analipwa. Umeme ukikatika wiki ijayo, anaitwa tena.

Printa hiyo ni nzima. Kilichobadilika ni anwani yake. Kila kifaa kinachojiunga na ruta hupewa namba, kwa mfano 192.168.1.23, na ruta nyingi za bei nafuu zikizimika hupoteza kumbukumbu ya nani alikuwa na namba gani. Printa inakuwa kama mgeni wa gesti anayepangiwa chumba kingine kila anaporudi: kompyuta inagonga 23, mwenyewe yuko 31. Dawa yake haizidi dakika chache. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, itengee printa namba moja ya kudumu, kisha kwenye kila kompyuta iongeze printa kwa kuandika namba hiyo wewe mwenyewe. Ukiiacha Windows iitafute, mara nyingi huiunganisha kwa njia iitwayo WSD, na njia hiyo ndiyo hupenda kuonyesha printa imezimwa wakati imewaka. Chagua njia ya TCP/IP.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize kazi inakwamia wapi. Anzia kwenye printa yenyewe: kwa vitufe vyake, chapa ukurasa wa taarifa za mtandao. Ukitoka, mashine haina tatizo, na namba yake unaisoma hapo hapo. Namba ikianza na 169.254, printa haijapewa anwani na ruta, hivyo kagua waya au nenosiri la Wi-Fi. Ikianza na 192.168.1 huku laptopu yako ikianza na 192.168.0, kwa kawaida mko kwenye mitandao miwili tofauti, na hapo hakuna draiva, yaani programu ya kuiendesha printa, itakayosaidia.

Hilo la mitandao miwili ni la kawaida sana kwetu. Ofisi ina ruta ya kampuni moja ya simu, inanunua ya pili kwa sababu ya kwanza inasumbua, na zote zinabaki zimewashwa. Au bando linaisha, mfanyakazi anahamia hotspoti ya simu yake. Intaneti anaipata, printa anaipoteza. Watu wengi hawajui kwamba kuchapa ndani ya ofisi hakuli bando hata kidogo. Ruta isiyo na salio bado inapeleka kazi kwenye printa, mradi wote mmejiunga nayo. Na ukibadilisha ruta, kumbuka kwamba Windows huuona mtandao huo kuwa mgeni, na ukiuacha kama mtandao wa hadharani, itafunga njia za kushea. Badili uwe mtandao binafsi.

Sugu zaidi ni printa isiyo na mtandao kabisa. Chukua HP LaserJet 1020 au Canon LBP6030, zile ndogo unazozikuta kwenye steshenari za Tandika na ofisi za mawakala wa forodha Kurasini. Zina tundu la USB tu. Printa ya namna hiyo inachomekwa kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi, kisha inashewa kwa wengine. Kompyuta hiyo ikilala, ofisi nzima inasubiri. Tena printa za aina hii hazina akili ya kusoma waraka: kompyuta ndiyo huuchora ukurasa kwa kutumia draiva maalumu. Ndiyo maana Windows ya jirani inachapa lakini simu ya bosi inashindwa, na MacBook ya mhasibu vilevile.

Mwaka 2021 mambo yalizidi kuwa magumu kwa printa hizi za kushea. Julai mwaka huo Microsoft ilikimbizana na udhaifu ulioitwa PrintNightmare, ndani ya huduma ya Print Spooler inayoshughulikia foleni ya kazi za kuchapa. Mhalifu aliyeutumia aliweza kuendesha programu yoyote kwa mamlaka kamili ya kompyuta. Agosti likaja sharti kwamba draiva ya printa iwekwe na mwenye mamlaka ya msimamizi. Septemba ulinzi mwingine, uliotangulia kutolewa Januari, ukawa wa lazima, na ofisi duniani kote zikakutana na kosa 0x0000011b kila zilipojaribu kuunganisha printa ya kushea.

Mafundi wakapata njia ya mkato: futa sasisho lililoleta ulinzi huo, au ingia kwenye rejista ya Windows, andika RpcAuthnLevelPrivacyEnabled, weka sifuri. Inachapa papo hapo. Naipinga njia hiyo kwa nguvu zote. Kompyuta ya mapokezi ndiyo inayochomekwa flashi za wateja kutwa nzima, na ndiyo yenye nakala za vitambulisho vya NIDA, namba za TIN na mikataba. Kuivua ulinzi ili karatasi zitoke ni kuwauza wateja wako bila wao kujua. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilitumia udhaifu wa huduma hiyo hiyo ya foleni kusambaa.

Njia halali ipo. Sasisha kompyuta zote mbili, inayoshea na inayoomba. Weka draiva sahihi kwenye kila kompyuta kwa akaunti ya msimamizi kabla ya kuunganisha. Kama laptopu mpya ina Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, kule kuingia bila nenosiri kulikozoeleka mara nyingi hukataliwa. Fungua akaunti yenye nenosiri kwenye kompyuta ya mapokezi na uitumie kuunganisha. Windows 7 iliacha kupata ulinzi Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kompyuta ya namna hiyo haifai kubebeshwa printa ya ofisi nzima.

Mwenye ofisi anayepanga kununua printa aache kutazama bei ya mashine peke yake. Atafute yenye tundu la waya wa mtandao na inayokubali AirPrint, teknolojia ya kuchapa ambayo Apple iliitoa mwaka 2010. Printa ya hivyo hupokea kazi moja kwa moja kutoka Windows, Mac na simu, bila kompyuta ya mtu kuwa daraja. Na fundi akimaliza kazi, kabla hujamlipa, muulize: “Fundi, umeiwekea namba ya kudumu?” Akishakujibu, mwambie aiandike kwenye kipande cha karatasi na akibandike ubavuni mwa printa.