Muziki na Mtu Aliyetoka Jela

Hiki ni kipindi chetu cha afya, kutoka hapa Kibuyuni. Kama uko ufuoni unaanika mwani, au uko jikoni, ongeza sauti kidogo. Mada ya leo ni ile tunayoinong'ona tu: mwana, mume au ndugu aliyefungwa, na vile muziki unavyoweza kumsaidia kurudi kuwa mtu kati ya watu.

Kwa nini tuizungumze katika kipindi cha afya?

Kwa sababu kifungo hakiishii langoni. Aliyetoka jela mara nyingi halali vizuri. Mlango ukigongwa hushtuka. Hukaa chumbani peke yake, hukasirika upesi, na mbele ya majirani huona aibu. Huenda watoto wake hawamjui tena. Hayo ni maumivu ya akili, na yanahitaji kuangaliwa kama homa inavyoangaliwa. Yakiachwa, ni rahisi mtu kurudia pombe, unga, au makosa yaleyale yaliyomfunga.

Muziki unafanya nini?

Kwanza, unatuliza mwili. Mkiimba pamoja mnavuta pumzi ndefu kwa wakati mmoja, na wasiwasi hupungua.

Pili, unafundisha kuishi na wenzako. Katika sengenya, mpiga ngoma mmoja akienda mbio peke yake, ngoma nzima huharibika. Lazima asikilize, angoje zamu yake, akubali kusahihishwa.

Tatu, unampa jina jingine. Jana aliitwa mfungwa, leo anaitwa mpiga zumari.

Nne, yale asiyoweza kuyasema huweza kuyaimba, hata kuomba msamaha.

Je, kuna ushahidi? Upo. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2016, wafungwa 200 nchini China waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata vipindi 20 vya tiba ya muziki, jingine likapata huduma za kawaida tu. Wale wa muziki walipungukiwa na wasiwasi na huzuni, na wakajithamini zaidi. Mwaka huohuo wataalamu walijumlisha tafiti 5 za namna hiyo, wakaona kwamba wasiwasi na huzuni hupungua zaidi pale vipindi vinapofika 20 au kupita. Maana yake, mama, tamasha la siku moja halitoshi. Dawa hii humezwa kila wiki.

Wenzetu wamefanya nini?

Nchini Malawi kuna Gereza Kuu la Zomba. Mwaka 2013 mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, alirekodi nyimbo za wafungwa na askari wa pale. Wanaume walikuwa na bendi na ala zao. Wanawake hawakuwa na ala, na mwanzoni walisema wao si waimbaji. Mmoja alipoanza, wengine wakafuata. Albamu ilitoka mwaka 2015 na ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Haikushinda, lakini watu waliosahauliwa walisikika duniani.

Norway walianza na wanawake wa gereza la Bredtveit, Oslo, mwaka 1991. Jambo zuri ni kwamba mpango wao hauachi mtu langoni. Akitoka, anaendelea kupiga muziki na kikundi nje. Hapo ndipo sisi tunapokosea mara nyingi: anafunzwa ndani, kisha nje hana pa kwenda.

Marekani kuna mpango ulioanzishwa mwaka 2011 na ukumbi wa Carnegie Hall, ambapo wajawazito na akina mama wachanga, wakiwemo walio jela, hutunga bembelezi za watoto wao. Hapa Kenya sheria inaruhusu mama aliyefungwa kukaa na mtoto hadi afikishe miaka 4. Kwa mtoto huyo, wimbo wa mamake ndio nyumba aliyo nayo.

Magereza yetu nayo yamebadilika. Kuanzia mwaka 2003, Moody Awori aliposimamia wizara, wafungwa waliruhusiwa redio na televisheni, na milango ikafunguliwa kidogo kwa jamii.

Tahadhari

Si kila muziki ni dawa. Disco matanga penye bangi na unga humrudisha alikotoka. Chagua naye kikundi cha mchana chenye wazee, kama kwaya, kasida, taarabu au ngoma ya kijiji.

Tena, muziki hauchukui nafasi ya matibabu. Akirudi, mpeleke kituo cha afya apimwe kifua kikuu, kwani jela watu hulala wakibanana. Kama alikuwa akimeza dawa zozote, asikatize.

Na kama alitumia unga zamani, sikiliza sana hapa. Mwili uliokaa bila unga hauhimili tena kiasi kile cha zamani. Wiki 2 za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kubwa ya kufa. Ukimkuta haamki, anapumua polepole, midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu, ita watu, mkimbize hospitali. Usimfiche kwa kuogopa aibu. Uliza pia kuhusu tiba ya methadoni.

Ufanye nini wewe mama?

1. Usimwite teja wala jambazi, hata kwa mzaha.
2. Muulize alipenda kuimba au kupiga nini. Usimlazimishe kupanda jukwaani.
3. Zungumza na kiongozi wa kikundi kabla hajaenda, asije akafukuzwa mbele ya watu.
4. Mpe miezi, usimhukumu kwa wiki.
5. Muunganishe na afisa wa probesheni na muhudumu wa afya ya jamii.
6. Akisema hataki kuishi, usimwache peke yake. Mfikisheni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wahenga walisema, mtoto akinyea mkono haukatwi. Huoshwa. Kuosha kwenyewe si kazi ya siku moja, wala si ya mama peke yake.

Maswali ya kujadiliana: Kijijini kwenu kuna kikundi gani kitakachompokea aliyetoka jela? Nani atamshika mkono siku ya kwanza?