JE, NIVUKE AU NIBAKI?



Katika mwaka 2025 ofisi ya tawi letu hapa Tororo ilipokea wanachama wengi waliokuja na swali moja. Walikuwamo madereva, matanboi, mafundi wa malori, wapakiaji wa mizigo, hata walinzi wa usiku. Kila mmoja alikaa kwenye benchi, akazungumza habari za mvua na bei ya sukari, na mwisho akasema: "Katibu, nimepata kazi upande wa pili. Je, nivuke au nibaki?"

Kwa sisi watu wa Tororo upande wa pili ni Kenya, kwa kuwa mpaka wa Malaba uko karibu na malori hayalali. Lakini wengine hutaja Juba, wengine Kigali, na tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tumesikia hata Bunia ikitajwa. Chama hakina amri ya kumzuia mtu kuhama, wala hatuitaki amri hiyo. Mfanyakazi si mbuzi wa kufungwa kwenye mti. Tunachotaka ni kwamba anayevuka avuke akiwa amefanya hesabu, na anayebaki asibaki kwa woga tu.

Sababu ya watu kutaka kuondoka haifichiki. Kima cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na sheria haijakibadilisha tangu hapo. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada mpya wa kima cha chini na Rais hakuutia sahihi. Jirani yetu Kenya hutoa amri ya mishahara kwa kila aina ya kazi, na ile ya mwaka 2024 iliongeza asilimia 6. Hivyo kijana akisikia mshahara wa Kenya masikio yanamsimama, nasi hatuwezi kumlaumu.

HESABU YA FUNDI

Tutaeleza habari ya mwanachama mmoja, kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina. Ni fundi wa breki za malori, umri wake miaka 37, ana mke na watoto watatu. Hapa Tororo analipwa shilingi 650,000 kwa mwezi. Gereji moja ya Nakuru ikamwambia kwa simu: njoo, tutakupa shilingi 38,000 za Kenya. Siku ile shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa 28 za kwetu. Alikuwa amekwisha piga hesabu njiani, akaingia ofisini na jibu mdomoni: milioni moja na elfu sitini na nne! Alikuja kutuaga, si kutuuliza.

Tukamkalisha, tukaagiza chai, tukachukua karatasi.

Kwanza makato ya Kenya. NSSF ya kule ni asilimia 6 kwa mfanyakazi na mwajiri anatoa kiasi hicho hicho. Bima ya afya, waliyoibadili mwaka 2024 na kuiita SHIF, ni asilimia 2.75. Kuna mchango wa nyumba, asilimia 1 na nusu. Kisha kodi ya mapato. Kwa mshahara wa 38,000, tulipomaliza kutoa, zilibaki kama 31,500. Chumba cha kupanga alichoelezwa na rafiki yake kilikuwa 9,000. Chakula cha mwanamume aliye peke yake, asiyejua kupika ugali usiwe na mabuje, tuliandika 8,000. Nauli ya kuja nyumbani mara moja kwa mwezi na kurudi, pamoja na mkate wa watoto, 3,000. Zikabaki 11,500. Mara 28, ni shilingi 322,000 za Uganda.

Hapa nyumbani, akikatwa asilimia 5 ya NSSF na kodi, anabakiwa na 520,500. Anakaa katika nyumba yake mwenyewe. Tuseme tumbo lake linakula laki moja katika hizo. Bado nyumba inapata zaidi ya laki nne, na baba yumo ndani.

Fundi alinyamaza. Chai ikapoa. Halafu akasema neno lililotunyamazisha sisi: "Hesabu yenu ni nzuri, Katibu, lakini hizo 520,500 mmeziona lini?" Ni kweli. Mwajiri wake hapa hulipa tarehe anayotaka, mwezi huu tarehe 5, mwezi ujao tarehe 19. Baya zaidi, fundi alipotazama taarifa yake ya NSSF alikuta miezi 14 haikuingizwa kitu, na kila mwezi katika hiyo alikatwa. Asilimia 5 yake ilikwenda, na asilimia 10 ya mwajiri haikuonekana kabisa. Mtu wa namna hiyo hakimbilii fedha za Kenya tu. Anakimbia kudharauliwa.

Kwa hiyo wanachama wenzetu, msitumie hesabu yetu kama jibu la kila mtu. Dereva mwenye posho ya safari ana hesabu nyingine, kijana asiye na mke ana nyingine. Tazameni pia mji. Amri ya mishahara ya Kenya haiweki kiwango kimoja kwa nchi nzima: miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu ina kiwango cha juu, na miji midogo ina cha chini. Aliyeahidiwa "mshahara wa Kenya" aulize ni wa Kenya ipi.

SISI TULIVUKA BILA KARATASI

Hatusemi haya kama watu waliokaa kitako maisha yao yote. Sisi tunaoandika tulikwenda Juba mwanzoni mwa mwaka 2012, nchi ile ikiwa haijatimiza mwaka tangu uhuru wake wa tarehe 9 Julai 2011. Fedha ilikuwapo. Waganda walijaa sokoni, kwenye bodaboda, kwenye ujenzi, jikoni mwa hoteli. Sisi tulishika kazi kwa mfanyabiashara mmoja, kupakia na kupakua, baadaye kusimamia bohari. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Pasipoti alikaa nayo yeye, akasema ni kwa usalama wetu, nasi tukamshukuru!

Tarehe 15 Desemba 2013 risasi zilianza. Tuliporudi Uganda tulikuwa na begi moja na pasipoti tuliyoipata kwa kubembeleza, na mishahara ya miezi miwili ilibaki kule. Tungemdai wapi? Kwa karatasi gani? Hatukuwa na chama kule, na chama cha hapa tulikuwa tumeacha kulipa ada tangu siku tuliyopanda basi. Mwaka uliofuata, Septemba 2014, wizara ya kazi ya nchi ile ilitoa waraka wa kuwaondoa wageni kazini, ikaurudisha baada ya siku chache kwa sababu ya makelele ya majirani. Wenzetu waliokuwa wamebaki walituambia kwamba siku zile chache hawakulala.

Si Juba tu. Mpaka wa Gatuna kati yetu na Rwanda ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022, na aliyekuwa na kazi upande mmoja na nyumba upande mwingine alipata taabu karibu miaka mitatu. Januari 2024 Burundi nayo ikafunga mpaka wake na Rwanda. Wazee wa hapa watakumbusha kwamba sisi pia tumefanya hivyo: mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wakiwa wamezaa na kujenga hapa.

ADA IMEFUTWA, KIBALI HAKIKUFUTWA

Siku hizi husemwa kwamba Afrika Mashariki ni moja, mtu anakwenda kwa kitambulisho. Ni kweli kwa kusafiri: tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kusafiri si kuajiriwa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa sahihi tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kutafuta na kukubali kazi katika nchi nyingine mwanachama, lakini kila nchi iliandika orodha yake ya kazi inazowafungulia wengine, na orodha hizo hazifanani. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na wakubwa wa kule wanatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kutotozana ada ya kibali hicho. Wengi wamesikia habari ya ada wakadhani hata kibali hakihitajiki. Wamekamatwa.

Kibali kinaanzia kwenye mkataba, kwa hiyo kila kitu kinaanzia kwenye mkataba. Mwajiri anayesema "njoo kwanza, mengine baadaye" anakuambia kwamba utafanya kazi ukijificha, na anayejificha haendi kwa afisa wa kazi akipunjwa.

Jambo moja katika Itifaki hiyo linasahaulika, na kwetu ndilo kubwa. Ibara ya 10 inasema mfanyakazi aliyehamia ana uhuru wa kujiunga na chama na kushiriki katika mapatano ya pamoja. Kadi yako haifi Malaba. Tunampa kila mwanachama anayevuka barua ya kumtambulisha, aipeleke kwa chama cha kazi yake kule katika mwezi wa kwanza, kabla hajagombana na mtu.

Kuhusu akiba ya uzeeni, Itifaki iliahidi kwamba Baraza la Mawaziri litatunga kanuni. Fundi wetu alipouliza kama NSSF ya Uganda inaweza kuhamishia akiba yake kwa NSSF ya Kenya, jibu lilikuwa hapana. Atakuwa na vijiakiba viwili, katika nchi mbili. Basi na aviangalie vyote viwili. Anaweza kuendelea kuchangia hapa kwa hiari, na akifika miaka 45 akiwa ameweka miaka 10 anaruhusiwa na sheria ya mwaka 2022 kuchukua sehemu, asilimia 20. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, watu wa reli, posta na bandari waliachwa na haki zao zikiwa katikati ya serikali tatu. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalikuja mwaka 1984, na bado wako wastaafu, hasa Tanzania, waliozeeka mahakamani wakidai. Hawakuwa wamekosea hesabu hata moja. Walikuwa na karatasi zote.

MAMA WATOTO ALIPOKUJA

Wiki mbili baada ya ile chai fundi alirudi, safari hii na mkewe. Tulimwonyesha mama karatasi yetu, tukiwa na fahari kidogo. Aliisoma yote, akageuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine, akauliza: "Mbona biashara yangu haimo?"

Haikuwamo. Yeye huuza mboga sokoni, na ndiye analisha nyumba siku zile ambazo mshahara wa mume umechelewa. Yumo katika kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, na zamu yake ya kuchukua ilikuwa haijafika. Itifaki inamruhusu mke kumfuata mumewe na hata kuajiriwa, tukamwambia hivyo. Akasema yeye hajaajiriwa, ana meza, na meza ya Tororo haibebeki kwenda Nakuru. Akauliza pia habari za mtoto mkubwa aliyekuwa darasa la sita. Kenya ilifanya mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane mwaka 2023, sasa shule ya msingi inaishia darasa la sita, kisha wanaingia shule ya kati. Mtoto huyo angehamia kule akose mtihani wetu wa darasa la saba, na kama mambo yangeharibika angerudi bila huu wala ule. Sisi makatibu wawili, tulioandika hesabu ya nauli mpaka mkate, hatukuwa tumefikiri mambo hayo.

Walizungumza wenyewe, kwa sauti ya chini, nasi tukatoka nje kutazama malori. Walipotuita walikuwa wamekata shauri la kati. Hatahama na jamaa yake. Ameiandikia gereji ya Nakuru barua, tuliisaidia, kwamba atakuja kwa miezi sita ikiwa watampa mkataba wa maandishi, watashughulikia kibali, na watampa chumba. Kwa kuwa hizo 9,000 za chumba ndizo zilizogeuza hesabu. Wasipokubali, hatakwenda. Na kwenda au kutokwenda, alitia sahihi madai yake ya miezi 14 ya NSSF mbele yetu siku hiyo hiyo, ili mwajiri asije akasema mtu mwenyewe alishaondoka nchini.

Tunapoandika haya Nakuru hawajajibu. Mwajiri wa hapa ndiye amejibu: ameomba kukutana na chama Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mama atakuja pia. Ndiye anayetunza hati za mshahara, zote, ndani ya mfuko wa unga.