Jahazi la Bappa na Hekalu la Durga

Watu wa Mombasa wanavijua vigae vya Mangalore, vile vyekundu vilivyoletwa na vyombo kutoka Bara Hindi vikaezeka nyumba nyingi za Mji wa Kale. Leo nataka kumchukua msomaji hadi pwani hiyo vilikotoka, kwani ipo hadithi inayotuhusu sisi watu wa bahari.

Kaskazini ya Mangalore, katika jimbo la Karnataka, upo mji mdogo wa Mulki, na hapo Bappanadu pana hekalu la Durga. Kwa Wahindu, Durga ni mungu wa kike mkali. Humchora amepanda simba, mikono mingi imeshika silaha, akimuua pepo mwenye umbo la nyati. Lakini ukali huo hauwaelekei wanaomwabudu. Ni wa kuwalinda, mfano wa mama aliyeona nyoka karibu na mwanawe.

Ajabu ni kuwa jina la mahali hapo latokana na Mwislamu. Wenyeji husimulia kwamba Bappa, mfanyabiashara wa jamii ya Beary, ambao ni Waislamu wa pwani ile, alikwamiwa na chombo chake mtoni Shambhavi, akaona damu majini. Usiku akamwota Durga akimtaka amjengee hekalu, naye akalijenga. Kwa hiyo katika sherehe ya mwaka, tabaruku ya kwanza hupewa nyumba ya kizazi cha Bappa.

Mimi niliyesomeshwa chuoni sitasema sanamu huokoa chombo; mwokozi ni Mwenyezi Mungu peke yake. Hata hivyo, naona katika hadithi hii mapatano ya majirani: kila mmoja na ibada yake, na heshima baina yao.

Mapatano hayo yalitiwa ufa Machi 2022. Mahakama Kuu ya Karnataka ilikubali marufuku ya hijabu madarasani, Waislamu wakafunga maduka yao kulalamika. Punde mabango yakatundikwa kwenye sherehe za mahekalu kadhaa, Bappanadu ikiwamo, kuwazuia wachuuzi Waislamu. Watu wa jamii ya Bappa wakaambiwa wasitandaze bidhaa zao penye hekalu ambalo hadithi yasema mwenzao ndiye aliyelijenga.

Sisi ambao misikiti, makanisa na mahekalu yetu yamo katika mitaa mimoja, tuyatie akilini hayo. Ujirani hujengwa kwa vizazi, na bango moja laweza kuuvunja.