Haya Isituzuie Kuyajua Maradhi ya Tupu ya Nyuma

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, Swahaba Imran bin Huswain (r.a.) aliugua bawasiri. Hakuyaficha maradhi yake, bali alimuuliza Mtume (s.a.w.) aswali vipi. Akaruhusiwa kukaa akishindwa kusimama, na kulala ubavu akishindwa kukaa, kama alivyopokea Imam Bukhari. Basi vipi sisi tumuonee haya tabibu?

Kosa kubwa ni kuiita bawasiri kila damu itokayo nyuma. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Dalili yake ni damu nyekundu baada ya haja kubwa, mara nyingi bila maumivu, na pengine kinyama hujitokeza. Mpasuko wa ngozi huuma mithili ya wembe wakati wa choo kigumu. Jipu huvimba, huuma mfululizo na huleta homa; lataka kupasuliwa hospitalini, na huweza kuacha kitundu kinachovuja usaha. Mtoto anayejikuna nyuma usiku, aghalabu ana minyoo.

Nasi wa Musoma na Bunda, tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, tusisahau kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mvuvi, mfuaji au mtoto anayeoga ziwani. Huleta maumivu ya tumbo na choo chenye damu, na kikiachwa huharibu ini. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana.

La kuogopwa zaidi ni saratani ya utumbo mpana. Damu ikichanganyika na choo, mazoea ya choo yakabadilika, mwili ukakonda na damu ikapungua, mgonjwa asingoje. Aende hospitali ya wilaya, Bunda au Butiama, au ya rufaa ya mkoa pale Musoma. Ikilazimu, atapelekwa Bugando, Mwanza. Asijipake dawa za kuunguza.

Kwa bawasiri na mpasuko, maji mengi, mboga, matunda na kukalia maji ya uvuguvugu husaidia. Ama mwenye kutokwa na damu isiyokatika, katika madhehebu ya Shafi ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya wakati kuingia kwa kila swala ya faradhi, kisha aswali.

Wazazi, waulizeni wanenu kwa upole. Haya ni katika imani, lakini kujitibu nako kumeamrishwa.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.