Je, Wajua? Nahodha wa Kwanza Mwanamke wa Dreamliner Afrika ni Jirani Yetu

Je, wajua kwamba mwanamke wa kwanza Afrika kuwa nahodha wa Boeing 787 Dreamliner ni Mkenya, Irene Koki Mutungi? Alifikia hapo mwaka 2014 akiwa Kenya Airways, shirika lililonunua asilimia 49 ya hisa za Precision Air mwaka 2003. Precision Air wasafiri wa Bukoba na Muleba wanaijua vizuri: ATR zake za pangaboi zimezoea uwanja wa Bukoba, pembeni kabisa mwa Ziwa Victoria.

Baba yake Koki naye alikuwa rubani. Binti alianza mafunzo Uwanja wa Wilson, Nairobi, akaenda kupata leseni ya urubani wa kibiashara Oklahoma City, Marekani. Alipoajiriwa miaka ya 1990 alikuwa rubani mwanamke wa kwanza wa Kenya Airways, na kwa miaka sita hakupata mwenzake. Sita!

Tena, unahodha hauhami na mtu. Rubani akibadili aina ya ndege hurudi darasani, kisha huingia kwenye mtambo unaoiga ndege halisi. Humo huzimiwa injini, huletewa moto na upepo mkali, mpaka mkaguzi aridhike. Koki alishapitia hayo kwa Boeing 767 kabla ya 787.

Msichana wa Muleba anayeitaka kazi hii akazanie hisabati, fizikia na Kiingereza. Leseni za urubani nchini hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na lazima kwanza apimwe afya.