KARATASI MOJA NA SAA MOJA: KAZI ZA MIKONO ZA WATOTO WAKATI WA KIANGAZI

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa habari za tabia na malezi, lakini leo mimi nataka kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani kukunja. Nataka tuzungumze habari za watoto wetu, mikono yao, na makaratasi tunayoyatupa jaani kila siku.

Makao yangu sasa ni Kitale, ingawa kitovu changu kimezikwa Mombasa. Wenzangu wa pwani waliowahi kufika huku wanajua ya kuwa mji huu uko juu sana, yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kwamba mvua ikianza Machi haina haraka ya kuondoka. Lakini Desemba mambo hugeuka. Mahindi yamekwisha kuvunwa, mabua yamekauka mashambani, jua la mchana ni kali na upepo ni mkavu. Shule nazo zimefungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Huko kwetu pwani, wakati huo huo kaskazi imeanza kuvuma. Basi kiangazi cha Kitale na kaskazi ya Mombasa hukutana katika jambo moja: watoto wapo nyumbani mchana kutwa, na simu ya mama ndiyo mwalimu, ndiyo mwenza, ndiyo kila kitu.

Wajukuu zangu huja kunitembelea likizo hiyo. Mmoja wao, kijana wa miaka tisa, alinieleza jambo ambalo limenifanya niandike maneno haya. Shuleni kwao waliagizwa kutengeneza kititia cha karatasi na kukileta darasani. Mama yake, kwa mapenzi tu na kwa kuogopa mtoto asije akaaibika, alikwenda dukani akamnunulia kilichokwisha kutengenezwa. Mwalimu akakisifu, na mtoto akapata alama zote. "Lakini Babu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi sijui kukunja."

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini nchini kote Januari 2019, unataka mtoto ajue kwa kutenda. Wazazi wengi wamelalamika juu ya gharama za vifaa na wingi wa kazi zinazoletwa nyumbani, na mimi sisemi kuwa malalamiko yao hayana msingi. Lakini mzazi akinunua kazi, au akaifanya yeye usiku mtoto amelala, gharama imebaki pale pale na mtoto hakupata kitu. Afadhali kititia kilichopinda ambacho mtoto amekikunja mwenyewe, kuliko kizuri cha dukani.

KARATASI SI TAKA

Kabla hatujashika mkasi, tukijue kitu chenyewe. Neno letu karatasi limetokana na Kiarabu, qirtas, neno ambalo mwenye kusoma Kurani atalikuta katika Sura ya Al-Anaam. Hata "rimu" tunayonunua dukani, ingawa tumeipokea kutoka kwa Waingereza, asili yake ni neno la Kiarabu rizma, yaani mtumba au furushi. Neno lilisafiri kutoka kwa Waarabu mpaka Hispania, likapita Ufaransa na Uingereza, ndipo likaturudia sisi. Kwa hiyo karatasi si ngeni kwa watu wa pwani.

Wala huku magharibi ya Kenya si ngeni. Mtu akitoka Kitale kwenda Bungoma hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, kisha hutokea Webuye, mji ulioitwa zamani Broderick Falls. Hapo karibu na mto Nzoia ndipo kilipojengwa kiwanda kikubwa cha karatasi, Pan African Paper Mills. Kampuni iliundwa 1969, na kazi ya kutengeneza karatasi ikaanza 1974. Misonobari ya mashamba ya serikali ilikatwa, ikasagwa na kupikwa mpaka ikawa rojo, na rojo likawa karatasi. Kiwanda kilifungwa 2009, familia nyingi za Webuye zikapata taabu kubwa, na 2016 kikauzwa kwa wenye mali wengine.

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa mjini Bungoma, nilikutana na mzee aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho. Nilipomwambia kuwa najaribu kuwafundisha wajukuu kukunja karatasi, akacheka, akachukua kipande cha gazeti akakichana kutoka juu kwenda chini. Kikachanika sawasawa kama kilichokatwa kwa rula. Akakigeuza, akakichana kwa upande wa pili, kikaenda mrama. "Karatasi ina mkondo, Mzee," akasema. Akanieleza ya kuwa mashinani rojo humwagwa juu ya wavu unaokwenda mbio, na nyuzinyuzi za mti hulala kufuata mwendo ule. Ndiyo sababu karatasi hukunjika vizuri ikifuata mkondo, na hukataa ukienda kinyume.

Nimewajaribia wajukuu somo hilo, na naapa hakuna lililowafurahisha zaidi. Wape watoto gazeti la zamani, kila mmoja achane upande huu na upande huu, kisha wakuambie mkondo umekwenda wapi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na haikugharimu hata ndururu.

MATAYARISHO

Tafuta kasha kuukuu, mtie humo magazeti, bahasha zilizokwisha kufunguliwa, daftari zilizojaa na mifuko ya unga. Lakini jambo moja tusilisahau sisi Waislamu: yachambue kwanza makaratasi yako. Karatasi yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu haikatwi ikawa mchezo, wala haiachwi ikanyagwe. Waachie watoto wenyewe kazi ya kuchambua, maana hiyo nayo ni sehemu ya adabu tuliyofundishwa chuoni.

Gundi ni ya jikoni. Chukua kijiko kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo na vijiko vitano vya maji, koroga mpaka madonge yaishe, kisha weka juu ya moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe uji mzito. Uache upoe. Wakati wa moto, mtu mzima awepo.

KITITIA

Kata karatasi ngumu kidogo iwe mraba wa sentimita 20 kila upande. Ikunje pembe kwa pembe, ifungue, uikunje tena kwa pembe zile nyingine. Utaona mistari miwili iliyopishana katikati. Kata kwa mkasi kufuata mistari hiyo kutoka kila pembe, lakini uache kiasi cha sentimita 3 kabla ya kufika katikati. Sasa kila pembe ina ncha mbili. Chukua ncha moja ya kila pembe, usizikunje zote, uzilete katikati zipandane nne. Toboa kwa pini, tia ushanga nyuma, kisha chomeka pini katika kijiti laini.

Ushanga ule mdogo ndio siri ya kititia, kwa maana usipokuwapo karatasi hugusana na kijiti na haizunguki. Usimwambie mtoto mapema. Mwache akimbie nacho uani, kikatae, arudi kukuuliza kwa nini.

TIARA

Tiara, au kishada kama wengine wanavyokiita, sisi wa pwani tulikuwa tukitengeneza kwa chelewa za mnazi. Kitale hakuna mnazi, lakini kuna mianzi na matete, na vyote vyafaa vikipasuliwa vyembamba. Chukua kijiti cha sentimita 50 na kingine cha sentimita 35. Kilaze kile kifupi juu ya kirefu kama sentimita 15 kutoka kichwani, ufunge barabara. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne, nao ndio mpaka wa tiara. Gazeti moja dogo likifunguliwa latosha kuifunika. Acha ukingo wa sentimita 2, uukunje juu ya uzi na kuubandika kwa gundi yako ya uji.

Ikikauka, funga hatamu: uzi mmoja kutoka vijiti vinapokutana mpaka karibu na mkiani. Hapo kwenye hatamu ndipo unapofungwa uzi wa kurushia. Huku kwetu, ule uzi wa kushonea magunia ya mahindi hufaa sana. Mkia uwe wa matambara, mita 2 au zaidi. Tiara ikizungukazunguka kama mlevi, ongeza mkia. Ikiwa nzito haipandi, upunguze.

Jirani zangu wa Kibukusu walipoiona tiara ya kwanza ikipanda juu ya shamba lililovunwa, watoto wao walikuja mbio. Mama mmoja akaniuliza, "Babu, hii ni karatasi tu?" Nikamjibu ni karatasi tu. Kesho yake asubuhi zilikuwa tano angani, na moja imeshonwa mkia wa kitenge kikuukuu.

Ila tahadhari ni lazima. Tiara hairushwi karibu na nyaya za umeme, wala hairushwi wingu la mvua likitanda, kwani radi za upande huu wa nchi si za kuchezea. Ikinasa kwenye waya, iacheni huko huko.

NYOTA NA KADI YA IDI

Kazi hii ni ya watoto wadogo, na hesabu imo ndani yake. Chukua karatasi nyembamba ya mraba, uikunje pembe kwa pembe iwe pembetatu. Ikunje tena, na tena, na tena, jumla mara nne, kila mara ile ncha iliyo katikati ya karatasi ikibaki pale pale. Mwulize mtoto zimekuwa tabaka ngapi: 2, 4, 8, kisha 16. Sasa kata mara moja tu kwa mshazari, ukiacha ile ncha ya katikati salama. Fungua polepole, nawe utapata nyota ya ncha nane, umbo lile lile ambalo mafundi wa Kiislamu wamelipamba katika kuta na milango tangu zama za kale. Wala hapana haja ya kuchora sura ya mtu au mnyama ili kitu kipendeze.

Ibandike nyota juu ya karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, mtoto aandike ndani kwa mkono wake salamu za Idi kwa bibi yake aliyeko Lamu au Malindi. Zamani kadi za Idi zilipita posta kwa wingi, na siku hizi salamu ni za simu, zinatumwa kwa watu mia kwa kidole kimoja. Lakini bibi atakayepokea kadi iliyokatwa na mjukuu wake, hataifuta. Ataiweka chini ya mto.

MKONO WA MZAZI

Mtu atasema, mimi narudi kazini magharibi, nitapata wapi wakati? Jibu langu ni saa moja, mara moja kwa juma. Kaa mkekani pamoja nao, nawe uwe na karatasi yako. Ukunje yako, wao wakunje zao. Mtoto akikosea, usimnyang'anye ukamtengenezea. Mwonyeshe kwa yako, kisha mwache.

Nao wazee wenzangu nawaomba jambo hili. Wanaojua kufunga hatamu ya tiara wanapungua mwaka hata mwaka, na dukani ujuzi huo hauuzwi. Kaskazi ikivuma, au kiangazi kikitukuta huku bara, tusikae barazani kulalamika kuwa watoto wa leo hawajui kitu. Tuwaite, tuwape gazeti hili hili mkishalisoma, na tuwafundishe.