Mchango wa blokucheni: unachoweza kukiona na usichoweza kukiona

Tuseme ndugu yako anayeishi Kawe, Dar es Salaam, amekutumia meseji: mtoto wa jirani anahitaji upasuaji, familia inachangisha. Unatuma shilingi 5,000 kwa simu na jina la mpokeaji unaliona. Baada ya hapo, mhazini akikaa kimya, hujui zimepatikana ngapi wala zimetumikaje.

Shida hiyo ndiyo inayowafanya watu wengine kuitaja blokucheni. Ni kitu gani?

Msikilizaji, ukiwa kwenye kikoba utaelewa haraka. Daftari likikaa kwa katibu peke yake, anaweza kubadili tarakimu usiku na asijulikane. Lakini kila mwanachama akiwa na nakala, katibu akifuta kitu daftari lake halitafanana na ya wenzake. Blokucheni ni daftari la namna hiyo. Nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, na kila ukurasa mpya umefungwa kwenye uliotangulia, hivyo kubadili cha nyuma ni vigumu mno.

Jirani zetu wa Kenya wameijaribu. Shirika la Grassroots Economics, likishirikiana na Msalaba Mwekundu wa Kenya, lilieneza Sarafu wakati wa korona, Mukuru jijini Nairobi na Kinango huko Kwale. Sarafu haikuwa shilingi. Ilikuwa kama vocha ya kununulia unga au mboga kwa majirani walioikubali, hata kwa simu ya kitochi. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 ilikuwa na watumiaji wapatao 40,000. Kumbukumbu za miamala zilitolewa hadharani bila majina, na watafiti wakafuatilia jinsi ilivyozunguka.

UNICEF nayo, Oktoba 2019, ilianzisha mfuko wa kupokea na kutoa misaada kwa bitcoin na ether.

Sasa sikiliza upande wa pili. Daftari hili linaonyesha kwamba fedha zimefika kwenye akaunti fulani. Haliwezi kwenda wodini kuhakikisha mtoto ametibiwa. Akaunti yenyewe mara nyingi ni msururu wa herufi na tarakimu tu, bila jina. Ukikosea kutuma, hakuna huduma kwa wateja ya kupigia ili muamala urudishwe. Thamani ya bitcoin nayo hupanda na kushuka. Na Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kukataza sarafu za aina hiyo, ikikumbusha kuwa fedha halali nchini ni shilingi.

Kwa hiyo, mtu akikwambia, "Changia kwa bitcoin, huwezi kuibiwa," usitume. Anayetaka kutapeli anaweza kutumia daftari zuri vilevile.

Faida ya wazo hili unaweza kuipata bila bitcoin. Mchango wa mgonjwa ukianza, ombeni mambo matatu. Kwanza, orodha ya waliochangia na jumla iwekwe kwenye grupu kila jioni, ili kila mtu awe na nakala. Pili, watu wawili au watatu wawe wanaona salio, asiwe mhazini pekee. Tatu, bili ikitoka hospitali ya serikali, ombeni kontroli namba, fedha zilipwe hospitali moja kwa moja, kisha risiti iwekwe kwenye grupu.

Risiti hiyo itakuonyesha fedha zimelipia nini. Hali ya mtoto, mpigie ndugu yako umuulize.